NANI AMESEMA NI TAKATAKA?



Bwana mmoja alisimama mbele ya wafanya kazi wa shamba moja la mkonge, na sisi wa reli tulikuwapo kama wageni wa tawi lile. Akasema kwamba machicha yanayotoka katika mashine ya kusaga majani ya mkonge hayana mwenyewe, ni takataka tu, na mwekezaji akija kuyazoa bure tumshukuru kwa kutusafishia mahali. Wengine wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Tangu siku ile tumeuliza, tumesoma, tumewasumbua wenye kujua, na sasa twataka kumjibu bwana yule katika karatasi hii, kwa kuwa pale mkutanoni hatukupewa nafasi ya kusema.

Twaanza na kidonge. Mwenzetu mmoja wa yadi, kazi yake kupanga mabehewa, ana ugonjwa wa presha na kila asubuhi anameza kidonge kimoja kabla ya kushika bendera yake. Juu ya pakiti imeandikwa kwamba kidonge kina miligramu 5 za dawa. Ndugu, miligramu 5 ni nini? Chukua gramu moja ya chumvi uigawanye mafungu mia mbili, fungu moja ndilo miligramu 5. Haishikiki kwa vidole. Lakini kidonge chashikika, chakatika, chamezeka. Basi sehemu kubwa ya kidonge kile si dawa. Tulikunjua ile karatasi nyembamba iliyomo ndani ya pakiti, ile ambayo watu huitupa bila kusoma, na katika orodha ya vitu visivyo dawa tukakuta selulosi. Tukampelekea mfamasia mmoja karatasi ile tukamwuliza selulosi ni kitu gani. Akacheka akasema, "Mnakula mti."

Hakututania. Selulosi ndiyo mifupa ya mimea yote. Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838, lakini ilikuwapo tangu jani la kwanza. Imefanyika kwa sukari ya glukosi, sukari ile ile iliyo ndani ya ugali, ila imeungwa kwa namna nyingine: minyororo mirefu iliyonyoka, imelala bega kwa bega kama reli mbili juu ya mataruma. Kuungwa hivyo ndiko kunakoshinda tumbo la mtu. Ng'ombe aweza, kwa kuwa ana vijidudu tumboni vya kumsaidia. Sisi twaimeza na kuitoa kama ilivyoingia. Kwa kazi ya kidonge hiyo ni faida. Selulosi iliyosafishwa haina ladha wala harufu, haigombani na dawa nyingi, ukiikandamiza yashikana imara bila gundi, na ikifika tumboni huvuta maji mpaka kidonge kikafumuka na kuiachia dawa.

Ule unga wa kidonge, wenye chembe ndogo sana, ulipatikana Marekani mwaka 1955, tena kwa bahati. O. A. Battista, mtu wa kampuni ya American Viscose iliyokuwa ikitengeneza nyuzi za reyoni, alichemsha selulosi katika asidi kisha akaitia katika mashine ya kusagia matunda, akitazamia vipande vizame chini. Havikuzama. Alipata uji mweupe mzito kama malai. Mwaka 1963 kampuni nyingine, FMC, iliinunua ile ya kwanza, na unga ukauzwa duniani kwa jina la Avicel. Kabla yake mtengeneza vidonge alikuwa akilowesha unga wake, akiukausha, akiuchekecha, ndipo aupige mashine. Kwa Avicel vidonge vingi viliweza kupigwa vikavu, moja kwa moja. Faida iliyotokea hapo twawaachia wenye kuhesabu mali za watu. Sisi twataka mwone kitu kimoja tu. Mali ile haikuchimbwa mgodini. Ilitoka katika rojo la mbao, na katika yale manyoya mafupi yanayobaki juu ya mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Nani alikuwa akiyaita mali?

Sasa sikilizeni namna inavyotolewa, maana mtu asiyejua kazi hadanganyiki kwa mambo makubwa peke yake, hudanganywa hata kwa madogo. Mmea una vitu vitatu vikubwa vilivyoshikamana. Kuna selulosi yenyewe. Kuna hemiselulosi, ambayo ni ndugu yake mlegevu. Na kuna lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu na rangi ya kahawia. Basi kazi ni kuviondoa viwili ili kimoja kibaki. Nyuzi au machicha makavu hukatwa vipande, huchemshwa katika soda kali, ile kostiki wanayoitumia watengeneza sabuni. Soda huyeyusha lignini na hemiselulosi, na maji hutoka meusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Huoshwa. Kisha hutiwa dawa ya kung'arisha, aidha haidrojeni peroksaidi au kitu cha jamii ya Jik ambayo wake zetu wanafulia, mpaka ziwe nyeupe. Huoshwa tena. Ndipo huingia asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali kwa maji, ikichemka. Katika njia ya Battista ni dakika 15 tu. Asidi hula sehemu zilizolegea za nyuzi na kushindwa na zile zilizobana sana. Zilizobana ndizo chembe tunazozitaka. Huoshwa mara ya tatu mpaka uchachu wote uishe, hukaushwa kwa hewa ya moto, na umepata unga mweupe.

Mwanachama aliyesoma mpaka hapa ameona jambo ambalo bwana yule hakulitaja: maji, maji, maji. Tutarudi hapo.

Kwanza mkonge. Mmea huu si wa kwetu kwa asili, watoka Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipandikizi 1,000 kutoka Florida kwenda Tanga. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Kama bwana wetu angekuwa bandarini siku ile, angeviita vile 62 takataka na kuvitupa baharini, na Afrika ya Mashariki isingekuwa na mkonge. Kutoka huko ulifika kwetu mwanzoni mwa karne ya ishirini, ukapandwa Thika, Voi, Mwatate, Kilifi, Mogotio. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na njia ya kutoka Voi kupita Mwatate ilijengwa kuanzia 1915 wakati wa vita. Wazee wetu wa reli walipakia marobota ya mkonge mpaka mikono yao ikawa kama magome ya miti. Marobota yalishuka Mombasa yakaenda kufanywa kamba Ulaya. Katika miaka ya sitini kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, na aliyeumia kwanza hakuwa mwenye shamba.

Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi zinazouzwa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji, ute, ngozi ya jani na nyuzi fupi zilizoponyoka katika mashine, ile mashine ambayo watu wa mashamba ya Tanga waliiita korona miaka mingi kabla ya ugonjwa kuchukua jina hilo. Hatutawadanganya kwamba hizo kilo 96 zote ni selulosi. Nyingi ni maji. Lakini nyuzi zenyewe, ndefu kwa fupi, karibu theluthi mbili yake ni selulosi, kupita mbao, ambazo huwa na nusu au pungufu. Mkata mkonge alikata jani zima. Mgongo wake uliinama kwa jani zima. Miiba ilimchoma kwa jani zima. Kisha wamwambia kwamba sehemu ile yenye bei ni ya tajiri, na sehemu isiyo na bei ni takataka. Na siku takataka itakapopata bei, nayo pia ni ya tajiri. Hii ndiyo hesabu yao, ndugu.

Wakulima wa miwa wa Muhoroni na Mumias wanaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Miaka na miaka wamelalamika kwamba wanalipwa kwa tani ya muwa, na yale yanayotoka baada ya sukari hayahesabiwi kuwa yao. Makapi ya miwa yakikauka yana selulosi kama mkono nne kwa kumi, hata nusu. Ni kweli viwanda huyachoma katika boila ili kupata mvuke, kwa hiyo si yote yanayotupwa, na hatutaki mtu atuambie tumesema uongo. Lakini kitu kinachoendesha boila nzima ya kiwanda, mwawezaje kukiita takataka mbele ya mkulima, na kukiita kuni mbele ya mhasibu?

Kuna wenye shahada watakaotucheka. Watasema, nyinyi watu wa reli mnasema nini juu ya dawa, mambo haya ni ya wataalam wa ng'ambo, Mwafrika hayawezi. Tunawajibu polepole. Wataalam wa famasia wa Nigeria walitoa selulosi katika maganda ya njugu na ya mpunga tangu mwanzo wa miaka ya tisini, wakaipima. Huko Addis Ababa wameitoa katika nyuzi za enseti na mabua ya tefu. Na hapa kwetu Webuye kilikuwapo kiwanda kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974, kikichemsha misonobari na kutoa rojo, ambayo ni nusu ya kazi hii hii tuliyoieleza. Kilifungwa 2009. Treni zetu zilipita pale, na tuliona mji ukinyauka kama mgomba uliokatwa maji. Waliokuwa wakishika valvu za matangi yale walikuwa Wabukusu, Watachoni, Waluo, Wakikuyu, watu wa kila kabila. Hawakuwa malaika kutoka Ulaya. Mwafrika anaweza, lililomshinda halikuwa kuchemsha.

Hata hivyo katika jambo moja hao wenye shahada wana haki, na lazima tulikubali mbele ya watu. Unga wa kidonge si unga wa chapati. Vitabu vya kanuni za dawa vyataka unga huu uwe safi hata ukichoma gramu 1,000 majivu yasizidi gramu moja. Unyevu usipite sehemu saba kwa mia. Uchachu uwe umeoshwa, na vijidudu vya kuharisha visiwemo kabisa. Anayekula kidonge ni yule mwenzetu wa presha, na mtoto wake mwenye malaria. Akija mtu kutuambia kwamba kwa sababu sisi ni maskini tupewe unga wa daraja la pili, huyo ni adui zaidi ya yule wa kwanza. Bodi ya Famasia na Sumu iwakague wenye kiwanda bila haya, na kibarua wa maabara asilazimishwe kuandika namba ambayo hakuiona.

Tena tusijidanganye kwamba selulosi ndiyo dawa. Viwanda vyetu vya vidonge Nairobi huagiza kutoka nje sehemu kubwa sana ya vitu vyao, dawa yenyewe pamoja na unga wa kuibeba. Mwezi Machi 1920 hatukuwapo, lakini Machi 2020 tulikuwapo sote: ugonjwa ulipozagaa, Uhindi ilizuia kwa muda kutoa nje dawa na malighafi 26, na panadoli ya kawaida, parasetamoli, ilikuwa mojawapo. Uhindi ilikuwa ikiwalinda watu wake, hatuilaumu. Kutoa selulosi hapa hakungalituletea parasetamoli siku ile. Lakini mtu anayeagiza vitu vyote ni mtumwa wa vyote, na anayeagiza kimoja pungufu amepata pa kuanzia. Sisi ndio tunaoshusha makontena. Tumeona marobota ya nyuzi yakiteremka kwenda pwani na magunia ya unga mweupe yakipanda kwenda bara, na tumelipwa mshahara ule ule kwa safari zote mbili.

Sasa turudi kwa maji, na hapa twasema na wenzetu, wala si na mabwana. Tumewasikia ndugu wengine wakipaza sauti, kiwanda kijengwe, kiwanda kijengwe, kama kwamba kiwanda ni kanisa. Nasi twataka kiwanda. Lakini twauliza kwanza nani atasimama kando ya tangi.

Kijana mmoja wa chama chetu alikuwa akishusha mapipa ya soda kali katika kiwanda fulani ambacho hatukitaji. Pipa moja lilikuwa linavuja. Hakupewa glavu, aliambiwa atumie gunia. Alihisi utelezi mkononi kama wa sabuni, na kwa kuwa haukuuma aliendelea na kazi. Ndugu, utelezi ule haukuwa sabuni ya mtu mwingine. Soda ile hukutana na mafuta ya ngozi yako na kuyafanya sabuni. Maumivu yalipokuja, ngozi ilikuwa imekwisha kuondoka. Bomba la maji la kujioshea lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Vidole viwili vya kijana yule havikunji mpaka leo. Chama kilifuata fidia yake miezi kumi na minne, na karani wa kiwanda alituambia, bila aibu, kwamba kibarua alipaswa kujua.

Basi ajue wapi? Hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo twafundisha sisi. Kiwanda cha selulosi kitakuwa na soda, kitakuwa na dawa ya kung'arisha, kitakuwa na asidi. Dawa ile ya jamii ya Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyoua askari Ubelgiji mwaka 1915. Vitu hivyo viwili havilali bohari moja, wala havipandi behewa moja, na mwanachama wa reli akiambiwa avipakie pamoja akatae hata kama ameandikiwa barua. Na ule unga wenyewe, mweupe na mpole, ukitimka hewani ndani ya chumba na cheche ikaruka, hulipuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa wafanya kazi ndani yake. Kamati hiyo iwepo siku ya kuchimba msingi. Ikingoja mpaka mtu aungue, haina maana.

Yale maji meusi nayo yatakwenda wapi? Watu wa Webuye walivumilia harufu, na mto Nzoia ulivumilia yaliyobaki. Shamba la mkonge liko mahali pakavu, na mwanamke wa Mwatate anayebeba ndoo hataki kuambiwa kwamba kisima chake kimegeuka chai. Kama mwekezaji hana bwawa la kuyatuliza maji yake na kuirudisha soda itumike tena, basi hana kiwanda, ana shimo la kutupia sumu. Akisema gharama ni kubwa, tumwonyeshe hesabu ya machicha aliyotaka kuyapata bure.

Bwana mwenye tai, kama karatasi hii itakufikia, neno letu ni hili. Hatukatai mwekezaji. Twakataa bei ya sifuri. Machicha yapimwe katika mizani kama marobota yanavyopimwa, yaandikwe katika daftari, na mkata mkonge apate sehemu yake katika mkataba wa pamoja, siyo kwa hisani. Vijana wa pale wafundishwe kazi ya maabara na ya matangi, wasiachiwe ufagio peke yake. Ukisema machicha hayana thamani, basi huna sababu ya kuogopa mizani.

Makatibu wa matawi yaliyo na wanachama katika mashamba ya mkonge, kutoka Taveta mpaka Mogotio, twawaomba jambo moja kabla ya mkutano ujao. Hesabuni matoroli ya machicha yanayotoka katika mashine kwa siku moja ya kazi, na mwandike yanamwagwa wapi. Hesabuni kwa macho yenu, msiulize ofisini. Ukubwa wa toroli uandikwe, na jina la mto au bonde liandikwe. Karatasi zipelekwe kwa karani wa chama kabla ya mwisho wa mwezi, na asiyejua kuandika amwambie mwanawe amwandikie.